Kemo, mafua na wageni wa barazani

Fundi wa kanzu hufanya kazi pumzi kwa pumzi na mteja wake. Unampima shingo, unapitisha futi chini ya makwapa, unainama kupima urefu mpaka kwenye kifundo cha mguu, na muda wote huo mtu anakupa habari za mjini usoni kwako. Akiwa na mafua, nawe umeyapata. Nimeshona Ngamiani, hapa Tanga, kwa miaka mingi, na mafua niliyahesabu pamoja na vumbi la pamba na sindano kuchoma kidole: ni ya kazi, yatapita.

Kisha nikapata limfoma, saratani ya tezi. Ulianza uvimbe shingoni, ukadhaniwa TB ya tezi, kinyama kikakatwa kikapimwa, na mwisho nikajikuta hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, nimekaa kwenye kiti cha dripu. Hayo yana wasimulizi wengi na wazuri kuliko mimi. Mimi nina la mafua, kwa sababu ndiyo yaliyobadilisha nyumba yangu, duka langu na hata namna ninavyosalimiana na watu, na yaliletwa mlangoni kwangu na wanaonipenda, kila siku, wakiwa wamebeba machungwa ya Muheza na chupa ya uji.

Daktari alinieleza hivi. Dawa za kemo, zile za dripu ya saratani, huua seli zinazozaana haraka. Saratani ni mojawapo, lakini na uboho wa mifupa, unakotengenezwa damu, nao umo. Kwa hiyo baada ya dripu, chembe nyeupe za damu huanza kushuka. Kwa dawa kama zangu hufika chini kabisa baina ya siku ya 7 na ya 14, halafu hupanda taratibu, na wiki ya tatu ikiisha unarudi kwenye kiti. Mama watoto akiwa pembeni anasikiliza. Tuliporudi Tanga alitoa kalenda ukutani, akazungushia siku zile kalamu nyekundu, miezi yote ya mbele. Tangu hapo nyumbani kukawa na siku nyekundu na siku za kawaida, na hata wajukuu walijua babu yuko kwenye nyekundu.

Wanaotoka miji mingine huenda wasielewe ugumu ulipo. Hapa mtu akisikia una maradhi, anakuja. Hapigi simu kuuliza kama unapokea wageni, maana kuuliza ni kama kutafuta sababu ya kutokuja. Anaingia mpaka chumbani, anakaa ukingoni mwa kitanda, anakushika mkono hauachii, anakuombea dua. Mtoto naye atakupa shikamoo na kukubusu mkono, kama alivyofundishwa. Sasa mtu wa namna hiyo utamwambiaje akae mbali? Ukimwambia una kiburi cha ugonjwa. Usipomwambia, virusi vya mafua huruka na matone ya mate ya mwenye kukohoa au kupiga chafya, hata kusema tu, mpaka kiasi cha mita 2. Kitanda changu hakina mita 2.

Aliyetuokoa ni baraza. Nyumba za kwetu zina baraza ya mbele, upepo unapita, na mgeni kukaa barazani si dharau hata kidogo. Wazee wetu wamepokea wakubwa wa mji hapo hapo. Basi mama watoto akatangaza kwamba chumbani ni moto, daktari amesema mgonjwa apumzike penye hewa. Hakudanganya. Wageni wakawa wanapokewa barazani, viti vimeshapangwa tangu asubuhi, changu upande unakotokea upepo, vyao mwisho wa pili. Penye ngazi akaweka ndoo ya bomba na sabuni. Mtu akifika ananawa kwanza, sekunde 20, na kwa kuwa mama watoto mwenyewe ndiye anayemfungulia maji, hakuna aliyekataa. Kusalimiana tukaweka mkono kifuani. Watoto waliona ni mchezo mzuri, wakubwa ndio walichukua muda.

Shangazi yangu ana dua zake za mgonjwa. Anasoma, kisha anakupulizia usoni na kifuani. Hakuna mtu katika ukoo aliyekuwa na ubavu wa kumwambia asipulize. Binti yangu ndiye aliyemkalia chini akamweleza habari ya chembe nyeupe, pole pole, bila haraka. Shangazi akanyamaza, akauliza, “Na Mungu naye anahitaji upepo?” Siku ile alisoma yote akiwa kwenye kiti chake, akamaliza kwa kupulizia upande wa bahari.

Wenye mafua tuliwaomba wasije kabisa mpaka wapone, na hili lilihitaji maelezo, kwa sababu watu wengi huamini akisha kutoka kamasi jepesi basi amepona. Mtu mzima mwenye mafua ya virusi vya influenza huweza kuambukiza tangu siku moja kabla hajajisikia vibaya, na huendelea siku 5 hadi 7 baada ya kuanza kuugua. Watoto huchukua muda mrefu zaidi. Hiyo siku moja ya kabla ndiyo yenye hila, maana anayekuambukiza anaapa kwamba ni mzima, na kweli anajiona mzima. Ndiyo maana siku nyekundu tulifunga wageni wote, wazima na wagonjwa, isipokuwa waliolala ndani ya nyumba.

Duka sikulifunga. Ningefunga ningekula nini, na nauli ya Dar ingetoka wapi? Wateja wa zamani niliwaambia waiache miili yao nyumbani, walete kanzu inayowakaa. Kanzu ya mfano unailaza mezani, unapima mabega, mikono na urefu, na kwa kweli haidanganyi kama tumbo la mteja anayejibana mbele ya fundi. Asiye na kanzu ya mfano alipimwa nje na kijana wangu wa dukani, anasoma namba kwa sauti, mimi ndani naandika daftarini. Vidole navyo vilikuwa na ganzi, ile dawa iitwayo vincristine hugusa neva za mikono na miguu, kwa hiyo darizi ya kola, kazi ya mkono ambayo ndiyo jina langu mjini, nilimwachia kijana akajifunza kwa lazima.

Watu wakadhani hatari iko kwenye nguo za wateja, wakawa wananiletea vitambaa vimefungwa ndani ya mifuko mitatu. Virusi vya mafua hudumu saa 24 hadi 48 juu ya chuma na plastiki. Kwenye nguo na karatasi hata saa 12 hazifiki. Kwa hiyo kilichokuwa cha kufutwa ni mkasi, gurudumu la cherehani, komeo la mlango, na simu, hasa simu, ambayo kila mteja anataka uishike utazame picha ya mshono aliouona kwa mtu.

Barakoa nazijua, nilizishona nyingi mwaka 2020 mpaka kitambaa cha shati kikaadimika dukani. Ninayesema ni mshonaji: ile ya kitambaa husaidia mwenye mafua asirushe mate mbali, lakini kumlinda mgonjwa wa kemo, nunua zile za hospitali zenye tabaka tatu. Tabaka la kati ndilo chujio, na halishoneki kwa cherehani yangu. Ikilowa jasho, itupe. Joto la Tanga huilowesha upesi, kwa hiyo beba ya akiba.

Sala ya Ijumaa ilinisumbua moyo kuliko mwili. Bega kwa bega, safu zimejaa, kisha mikono ya watu wote ukitoka. Nilimwendea imamu wetu nikitegemea mjadala. Hakuna mjadala: mgonjwa ana udhuru, asali adhuhuri nyumbani. Akaongeza kwamba na mwenye mafua asije msikitini kunipigia chafya hata nikiwa siku za kawaida, na akalisema hilo kwenye mimbari bila kunitaja. Kila mtu alijua ni mimi.

Safari za Dar, niseme machache tu. Basi la alfajiri kutoka Kange halijajaa sana. Kiti cha dirishani ambacho dirisha linafunguka ni bora kuliko basi la kiyoyozi lililofungwa, hata kama vumbi la barabarani litakukuta Segera. Barakoa huitoi mpaka ushuke. Tunda la kukatwa njiani usile, na huko utakakofikia uliza kwanza kama kuna mtoto mwenye mafua. Mara moja tuliambiwa yupo, tukalala kwa jamaa mwingine, na yule wa kwanza hakukasirika.

Chanjo. Hii ya mafua haimo kwenye zile za mtoto kliniki. Unaitafuta na unailipia, na mimi niliipata hospitali binafsi Dar baada ya kumuuliza daktari wangu. Uliza kwanza, usijichomee. Ile ya sindano ina virusi vilivyouawa, haiwezi kukupa mafua, na mgonjwa wa saratani huruhusiwa. Ile ya kupuliza puani ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na hiyo si yetu. Wakati mzuri ni angalau wiki 2 kabla ya kuanza kemo, kwa sababu mwili huhitaji muda huo kujenga kinga. Ukishaanza, daktari hukutafutia nafasi katikati ya dozi. Nayo hurudiwa kila mwaka, maana virusi hubadilika, na Shirika la Afya Duniani hutoa mapendekezo mapya ya chanjo mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba.

Kwangu kulikuwa na tatizo jingine. Pamoja na kemo nilipewa rituximab, dawa inayofagia zile seli za mwili zinazotengeneza kinga, na athari yake hubaki miezi 6 au zaidi baada ya dozi ya mwisho. Daktari hakunificha: chanjo yangu ingefanya kazi kidogo. “Wachanje wanaokuzunguka,” akasema. Pesa hazikutosha kwa ukoo. Tulichagua mama watoto, kwa kuwa tunalala chumba kimoja, na kijana wa dukani. Wengine waliniuliza kwa nini kijana na si mtoto wangu wa kuzaa anayeishi Mabokweni. Kwa sababu mtoto wa Mabokweni naonana naye Jumapili.

Sasa usiku wa homa. Ilikuwa siku nyekundu. Jioni kijana wangu alipiga chafya mbili tatu akaondoka zake. Alikuwa ameshinda na mimi akiwa hana hata dalili, na chanjo hupunguza, haizuii yote. Keshokutwa yake usiku nikaanza kutetemeka, mifupa inauma, koo kavu. Nikaomba Panadol. Mama watoto akaninyima. Kwanza kipima joto. Nesi alikuwa amemsisitizia mambo mawili: usimpe dawa ya kushusha homa kabla ya kupima, kwa sababu itaficha kitu unachokitafuta, na usipime kwa kiganja juu ya paji la uso. Kipima joto cha dijitali, kwapani au mdomoni, kamwe si njia ya haja kubwa, maana mchubuko mdogo tu pale hufungua mlango wa bakteria. Tena vidonge vya prednisolone nilivyokuwa nameza siku za mwanzo za kila dozi vina tabia ya kuifunika homa, kwa hiyo hata kujisikia vibaya bila joto tulitakiwa tukuchukulie kwa uzito.

Kikasoma 38.4. Mstari wetu wa kukimbilia hospitali ulikuwa 38.

Jirani aliyesikia vurugu alifungua dirisha. “Shemeji, malaria hiyo, nyote mnaijua. Mpe mseto alale, asubuhi mtakwenda.” Alisema kwa nia njema, na kwa mtu mwingine yeyote wa Tanga usiku ule labda angesema sawa. Mgonjwa wa kemo hangoji asubuhi. Chembe nyeupe zikiwa chini, bakteria wakipata upenyo huweza kuzaana ndani ya damu kwa saa chache, na hakutakuwa na usaha wala uvimbe wa kukuonyesha walipo, kwa sababu usaha wenyewe hutokana na chembe hizo hizo. Mara nyingi homa ndiyo dalili pekee unayopewa. Nayo mafua hufanya mambo mawili kwa pamoja: huweza kuleta nimonia yenyewe, na huchubua njia ya hewa bakteria wapite.

Bajaji ikatufikisha hospitali moja mjini. Mapokezi tukaambiwa tukae benchi tusubiri zamu, pembeni ya mtoto anayekohoa. Mama watoto hakugombana. Alitoa karatasi iliyokunjwa kwenye kitenge, nesi wa Dar ndiye aliyetushauri tuwe nayo: jina la saratani, majina ya dawa, tarehe ya dripu ya mwisho, namba ya simu ya wodi, na chini kwa herufi kubwa, HOMA YA 38 AU ZAIDI NI DHARURA. Akaiweka juu ya meza mbele ya daktari kijana aliyekuwa anapita. Yule kijana akaisoma amesimama, akapiga simu ile namba, na kuanzia hapo mambo yakaenda mbio: chumba cha peke yangu, damu ikachukuliwa, kipimo cha malaria hakuna, nyutrofili, zile chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, ziko chini sana, hazifiki 0.5, na antibayotiki ya mshipani ikaanza kushuka kabla majibu mengine hayajarudi. Lengo, alituambia, ni ndani ya saa 1 tangu mgonjwa kufika.

Antibayotiki haiui virusi vya mafua. Ililenga bakteria ambao huenda walikuwa wameshapanda. Kwa mafua yenyewe akaandika oseltamivir. Dawa hiyo hufanya kazi vizuri ikianza ndani ya saa 48 tangu dalili, na kwa mtu mwenye kinga duni huanzishwa hata kama zimepita. Alfajiri binti yangu alizunguka maduka ya dawa mpaka akaipata. Dozi yangu iliyofuata ya kemo ikasogezwa mbele wiki moja, nikasononeka kidogo, lakini nilitoka na miguu yangu. Kijana wangu naye akalala kwao na uji wa pilipili manga, akarudi kazini akiwa na haya kana kwamba ameniibia. Nilimpa kola ya kudarizi ya mteja mkubwa, akaelewa.

Baada ya hapo zikaja tiba za mtaa. Nyungu, kwanza: mwarobaini, mchaichai, majani ya mkaratusi, ujifunike blanketi. Nilimuuliza daktari kwa heshima, naye hakucheka. Mvuke haufiki walipo virusi ukawaua, akasema, na mtu ambaye miguu yake ina ganzi akikaa juu ya sufuria linalochemka anaweza kuungua asijue. Ngozi iliyoungua, na chembe nyeupe ziko chini, ni hatari nyingine. Habasoda za vidonge na mitishamba ya kunywa alitaka aione kwanza, kwa sababu nyingine hugombana na dawa kwenye ini. Chai ya tangawizi akaniruhusu. Nikawa nainywa hadharani, barazani, ili kila aliyeleta ushauri aone kuna kitu natumia.

Lililoniuma zaidi ni msiba. Baba mdogo alifariki Pangani, nami niko kwenye nyekundu. Kutokwenda msibani kwa baba yako mdogo, kwetu, huelezeki. Matanga ni watu mkekani, goti kwa goti, sahani moja, vilio na kamasi. Mama watoto alikwenda, akarudi, akalala chumba cha watoto siku 4, kwa sababu mafua huchukua siku 1 hadi 4 kujitokeza. Mimi nilichukua bafta, nikaitandika juu ya meza yangu, nikakata sanda vipande vitatu kwa kipimo cha mwili nilioujua tangu utotoni, nikampa dereva wa basi la mchana. Walimzika nayo. Kuna binamu mmoja ambaye mpaka sasa ananisalimia nusu nusu. Namwelewa, na bado nisingekwenda.

Dripu zimekwisha. Picha ya mwisho ilionyesha tezi zimenywea, namshukuru Mungu. Watu walidhani siku ile ile ndoo ya bomba ingeondolewa barazani, na wa kwanza kunikumbatia alikuwa na kikohozi. Daktari aliniambia kinga yangu itachukua miezi kujijenga, kwa ajili ya ile rituximab, kwa hiyo kipupwe hiki bado nakaa upande wa upepo na chanjo nitachoma tena, na ya nimonia nimeshapewa. Harusini nilikwenda, kwenye akdi tu, nikakaa karibu na mlango.

Juzi alinipigia mtu wa Muheza, mkewe anaanza kemo ya titi wiki ijayo. Alikuwa ameshanunua limau, asali, boksi la barakoa, na ana orodha ya maswali kuhusu vyakula. Nikamuuliza kama wana kipima joto. Hawana. Nikamwambia maswali ya vyakula tutayaongea kesho, sasa hivi aende duka la dawa kabla halijafungwa, na akirudi aandike ile karatasi, namba ya simu ya wodi iwe juu kabisa.